Regulata ikigoma chini ya maji, hewa utaitoa wapi: mwongozo kamili kwa wazamiaji wa mtungi

Swali ambalo kila anayezamia na mtungi anatakiwa awe ameshalijibu kabla hajaruka kutoka kwenye boti ni hili: hewa yangu ikikata sasa hivi hapa nilipo, pumzi inayofuata naitoa wapi? Sio "nitafanya nini", hapana, wapi. Ukishajua wapi mikono yenyewe inaenda, usipojua unaanza kutafakari ukiwa mita 22 mdomo mtupu, na hapo ndo watu wanapochomoka kuelekea juu wamebana pumzi.

Na hilo la kubana pumzi naliweka mbele kabisa maana linazidi yote yatakayofuata. Hewa unayoivuta chini imebanwa na maji. Juu presha ni bar 1, mita 10 ni bar 2, mita 20 ni bar 3, mita 30 ni bar 4. Sasa ukijaza mapafu mita 10 halafu ukapanda umefunga koo, ile hewa inataka nafasi mara mbili na mapafu hayana hiyo nafasi, yanachanika, hewa inapenya kwenye damu inakwenda mpaka kwenye ubongo, mtu anaibuka juu anaongea vizuri na dakika chache baadaye kazimia. Usidhani ni mambo ya kina kirefu tu, mita moja na kidogo inatosha kama mapafu yamejaa kabisa, ndo maana hata kwenye swimming pool walimu hawana mchezo na hili. So popote humu nikisema panda, maana yake panda huku unapumua kawaida au, kama hakuna cha kupumua, huku unatoa pumzi kidogo kidogo bila kukoma.

Jambo jingine dogo, kusoma hapa hakukupi mikono. Karibu haya yote yanafundishwa kwenye kozi ya kwanza kabisa, iwe ya PADI, SSI au nyingine, ila watu wanafaulu, wanapewa kadi, hawarudii tena mpaka siku kimeumana. Soma, halafu siku ya daivu jepesi mwambie badi wako, yaani mzamiaji mwenza, mrudie mita 5 kwenye mchanga.

Kwanza jua ni nini kimeharibika

Ukisikia vifaa kufeli unawaza regulata, kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi, imeziba ghafla, umenyimwa hewa. Kwa kweli regulata za siku hizi zimeundwa hivi kwamba zikiharibika zifunguke, sio zifunge, yaani inamwaga hewa kwa kelele na mapovu kibao badala ya kukunyima. Kukata kabisa kupo, lakini mara nyingi ukichunguza unakuta mtungi umeisha au vali ya mtungi haikufunguliwa vizuri. DAN, wale wa usalama wa wazamiaji, walitoa utafiti mwaka 2008 wa vifo 947 vya wazamiaji wa burudani, na kwa wale ambao chanzo cha kwanza kilijulikana, kuishiwa hewa kulikuwa asilimia 41, kunaswa au kukwama asilimia 20, vifaa kuleta shida asilimia 15. Kwa hiyo tunaposema "vifaa vilifeli" mara nyingi ni geji (kile kipimo cha hewa iliyobaki) haikuangaliwa, tuwe wakweli.

Anza na ile rahisi. Umepigwa teke la pezi, regulata imechomoka mdomoni. Haijaharibika chochote, iko nyuma ya bega lako la kulia. Anza kutoa vipovu, inama kidogo upande wa kulia, shusha mkono wa kulia mpaka ugonge paja, upeleke nyuma uguse mtungi, halafu uzungushe mkono mbele kwa duara kubwa, mpira utakuja wenyewe juu ya mkono. Weka mdomoni, puliza kwa nguvu kutoa maji, au kama huna pumzi ya kupuliza ziba tundu kwa ulimi ubonyeze kile kitufe cha mbele, halafu vuta pumzi ya kwanza taratibu kwa tahadhari. Isipopatikana kwa haraka usiendelee kutapatapa, chukua oktopasi yako, ile regulata ya akiba iliyo kifuani, utatafuta ile nyingine ukiwa unapumua.

Maji yanaingia kila ukivuta? Inaweza kuwa ile plastiki ya kung'ata imechanika au imechomoka ikabaki mdomoni mwako peke yake huku regulata inaning'inia, hii inatokea kwa sababu ya kile kitai cha plastiki cha senti mbili kinachoishikilia kuzeeka. Au ile ngozi ya mpira ndani ya regulata imekunjika. Dawa ni ileile, hamia oktopasi, mpe badi ishara ya tatizo, daivu limeisha mnapanda kawaida.

Regulata inamwaga hewa na haikomi: igeuze mdomo wa regulata uangalie chini, wakati mwingine inatulia. Ikigoma, usiifunge kwa midomo kama kawaida. Ishike na mkono, weka upande mmoja wa mdomo, uache mapovu ya ziada yatoke pembeni na wewe unanyonya unachohitaji tu. Kichwa kipe mwinamo kidogo ili mapovu yasikung'oe miwani. Kozini tunafanya sekunde 30 za hivyo na mtu akimaliza anaona kumbe inawezekana. Ila mtungi unaisha haraka mno kwa hiyo huku unanyonya uko tayari njiani kwa badi wako, na ukishashika oktopasi yake afunge vali yako ili mapovu yasiwachanganye.

Mpira kupasuka. Hapa kuna kitu watu hawakijui. Ule mpira mwembamba wa geji ukipasuka kelele ni za kutisha, lakini tundu linalopitisha hewa kwenda huko ni dogo sana, una muda wa kupanda vizuri bila papara. Ule wa regulata au wa kujazia jaketi (lile la kujaza hewa ili uelee) ukipasuka ndo balaa, unaweza kumaliza mtungi uliojaa ndani ya dakika moja mbili. Ukiona mapovu makubwa nyuma ya kichwa usikae kuchunguza ni upi, nenda kwa badi.

Halafu vali iliyofunguliwa nusu. Juu ilikuwa sawa, chini inakuwa ngumu kuvuta kadri unavyoshuka. Angalia geji huku unavuta: sindano ikishuka kila pumzi halafu ikarudi, vali ndo tatizo. Badi anaweza kuifungua, kinyume cha mwendo wa saa, ila wewe shika oktopasi yake mkononi kwanza, maana mtu akiwa nyuma yako na amechanganyikiwa anaweza kuizungusha upande wa kufunga na hapo mtakuwa mmetengeneza tatizo la pili. Ile desturi ya zamani ya kufungua vali yote halafu kurudisha robo, mimi nasema achaneni nayo, walimu wengi sasa wanafundisha fungua yote iache hapo, kwa sababu robo ya kurudisha ndiyo inayomchanganya mtu akasahau alikuwa anafungua au anafunga.

Hewa ina harufu ya mafuta au moshi, kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu: hilo nalo ni vifaa kufeli, sema vilifelia kwenye kompresa. Usiimalizie. Hamia hewa ya badi, pandeni, na ule mtungi uwekwe pembeni pamoja na mingine yote iliyojazwa siku hiyo. Kama badi naye kajaza hapohapo, pandeni mara moja.

Uamuzi wenyewe

Vitu viwili tu vinaamua: una kina gani na badi yuko umbali gani. Utaratibu wangu ni huu na haupishani sana na wanaofundisha.

Kama bado kuna hewa japo kidogo, panda kawaida. Watu wanasahau hili. Geji inasoma bar 20, hujaishiwa, mwambie badi hewa kidogo kwa ngumi kifuani na mwanze kupanda sasa hivi, kadri presha inavyopungua kila pumzi inatumia hewa kidogo zaidi.

Kama hewa haiji kabisa na badi yuko karibu kuliko uso wa maji, nenda kwa badi. Kama una mtungi wako mdogo wa akiba, hamia huo, ila mwambie badi pia. Kama badi hayupo au yuko mbali na wewe uko mita 9 au pungufu, ogelea juu peke yako huku unatoa pumzi. Kama uko chini zaidi ya hapo, hakuna mtu, na unaona hutofika kwa kuogelea, tupa uzito.

Ni hivyo tu. Sasa tuingie moja moja.

Kuchangia hewa na badi

Hii ndiyo njia utakayoitumia mara nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Ishara ni kiganja kilichonyooka kinapitishwa shingoni kama unakata. Ipe ukiwa unaogelea kumfuata, usisimame kwa mbali ukikata shingo ukitegemea akuone. Mapezi yanapiga, mkono mmoja unakata, mwingine unanyoosha kuelekea oktopasi yake, vipovu vinatoka mdomoni. Oktopasi inatakiwa iwe ya njano au rangi inayoonekana, imekaa kwenye ile pembetatu ya kidevu na mbavu mbili. Ikiwa inaburuta kwenye matumbawe nyuma yake imejaa mchanga, siku hiyo haina faida. Kabla ya kuruka kagua ya badi wako kuliko unavyokagua ya kwako, maana ile yake ndo mali yako.

Wewe unayetoa: mtu aliyekosa hewa kweli hatafuti oktopasi, anakuja na kuchomoa ile iliyo mdomoni mwako, kwa sababu anaiona inafanya kazi. Usigombane naye. Mwachie, toa vipovu, chukua oktopasi yako uweke mdomoni, puliza, pumua. Ndo maana wazamiaji wa mapangoni kule Florida walianzisha mtindo wa kutoa makusudi ile ya mdomoni, yenye mpira mrefu kama mita 2, na wao wanabaki na ya akiba inayoning'inia chini ya kidevu kwa kamba ya mpira. Mimi naupenda mtindo huu hata kwa daivu za kawaida za Mnemba kule Zanzibar, ila mkubaliane kwenye boti, sio mmoja anafuata mtindo huu na mwingine ule.

Akishaweka mdomoni, mshikane. Mkono wa kulia kwa wa kulia, kila mmoja ashike mkono wa mwenzake karibu na kiwiko au mkanda wa jaketi la mwenzake bega la kulia, mkono wa kushoto unabaki huru kwa kutoa hewa kwenye jaketi. Halafu msiende popote. Pumzi tatu nne, ndefu, mkiangaliana machoni. Sekunde hizi zinaonekana kama upotevu lakini zinamrudisha mtu akili, ukimpandisha na pumzi za kuhema juujuu atamaliza hewa ya wawili na atapanda kwa kasi. Akikupa ishara ya sawa, mpe ya kupanda, kidole gumba juu, mnaanza.

Kasi mita 9 kwa dakika, kama hujui kompyuta yako ya kuzamia inasema nini basi msipite vile vipovu vidogo kabisa. Kila mmoja anatoa hewa ya jaketi lake mwenyewe, hapa ndo wengi wanapovurugana, anayetoa hewa anajali geji yake na kusahau kwamba jaketi la mwenzake nalo linavimba wanapopanda na litawachukua wote wawili. Mkifika mita 5 na hewa ipo, fanyeni sefti stopu, yaani kusimama kidogo ili naitrojeni itoke mwilini, ya dakika 3. Hewa ikiwa ya wasiwasi, ruka stopu, sefti stopu ni nyongeza kama hamkuvuka muda wa kukaa chini uliotolewa na kompyuta, kuzama kwa kukosa hewa hakuna nyongeza.

Mkiibuka juu, na hili watu wanalisahau kila mara: yule aliyeishiwa mtungi wake mtupu, kitufe cha kujaza jaketi hakitafanya kazi. Ajaze kwa mdomo. Anayetoa amshikilie mpaka ajaze, akishindwa, mkanda wa uzito udondoshwe, mkanda unanunulika.

Je hewa ya badi inatosha wawili

Hapa nina ugomvi kidogo na ile "rudi na bar 50" tuliyofundishwa. Twende na hesabu. Mitungi ya aluminiamu tunayoiita ya lita 12 pwani hii, mingi kihalisia ni lita 11 na kitu. Bar 50 ni kama lita 550. Mtu aliyetulia anatumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu, aliyeshtuka mpe 30, na hiyo ni kumpa heshima. Mita 20 ni bar 3, kwa hiyo wawili walioshtuka ni 30 mara 2 mara 3, lita 180 kwa dakika. Dakika moja pale chini ya kushikana na kutulia, 180 zimekwenda. Kupanda kwa mita 9 kwa dakika ni dakika 2 na kidogo, presha ya wastani bar 2, hapo kama lita 265. Tuko 445, yaani bar 40 ya mtungi wa lita 11. Ongeza sefti stopu dakika 3, lita 270 nyingine, jumla inafika bar 65. Sasa ile 50 yako iko wapi?

Rudia kwa mita 30: dakika ya chini lita 240, kupanda lita 500, stopu 270, jumla lita 1010, karibu bar 92. So kwenye kitu kama Dania, ile meli iliyozamishwa 2002 nje ya Bamburi, Mombasa, ambayo mchanga wake uko karibu mita 30, geji ya mmoja wenu ikikaribia 100 mnaondoka chini, hata kama mwingine ana 140 na anataka picha moja zaidi. Bar 50 ni ya kuwa nayo unapofika juu, au kina kidogo cha mita 10 hivi.

Mtungi mdogo wa akiba

Wanaozamia sana peke yao au na wageni wasiowajua (divemasta, nyie mnaoongoza wazamiaji, mnanielewa, unakabidhiwa badi uliyemjua dakika 20 zilizopita) wengine wanabeba mtungi wa pembeni wa lita 3 wenye regulata yake. Lita 3 kwa bar 200 ni lita 600, na kwa hesabu ya juu mtu mmoja kutoka mita 30 na stopu yake anahitaji kama lita 505. Inatosha, na inatosha bila kumtegemea mtu. Sharti uwe umejaa, umefunguliwa na umeujaribu kabla ya kuruka, na regulata yake iwe shingoni au mahali unapofika kwa mkono mmoja, sio imefungwa nyuma na mpira wa baiskeli.

Kuna vile vichupa vya mkononi vyenye regulata juu yake, vinapendwa kwa sababu vinaingia mfukoni. Kikubwa kati ya vya kawaida kinabeba lita 80 na ushee. Mita 20 mtu mmoja aliyeshtuka anatumia 90 kwa dakika akikaa palepale. Maana yake ni cha kupandia moja kwa moja, sio cha kukaa nacho kutafuta badi, sio cha stopu. Ukikielewa hivyo ni kitu kizuri. Ukikinunua ukidhani ni mtungi wa pili umejidanganya.

Mitungi pacha na mitungi ya ubavuni ni somo lake, ila kanuni ileile: regulata mbili kwenye vali mbili, moja ikimwaga unaifunga unapumua ya pili.

Kuogelea juu peke yako

Hii wenyewe wanaiita CESA. Badi haonekani, uko mita 9 au pungufu, hewa haiji.

Regulata ibaki mdomoni. Usiitoe. Sababu ni mbili, ya kwanza ukishtuka na kuvuta hutavuta maji, ya pili mtungi ulioonekana umeisha mita 30 haujaisha kweli, umefika mahali presha yake haiwezi kusukuma dhidi ya maji, na unapopanda presha ya maji ikishuka bar 3 mtungi wa lita 11 unaachia kama lita 33. Sio nyingi, lakini ni pumzi ambazo hukuwa nazo.

Angalia juu. Mkono wa kulia juu ya kichwa, kwa ajili ya boti na matumbawe. Mkono wa kushoto umeshika mpira wa jaketi umeinuliwa, unatoa hewa inayovimba, usijaze kabisa. Piga mapezi kawaida. Na sema "aaaaa" kwa sauti, mfululizo, kupitia regulata. Ile sauti ndiyo kipimo chako, ikisikika koo liko wazi. Usipulize kwa nguvu ukatoa yote mita ya kwanza, hewa iliyobaki kwenye mapafu inajiongeza yenyewe unavyopanda, watu wanashangaa kwamba wana "aaaa" ndefu kuliko walivyotarajia. Kasi isizidi mita 18 kwa dakika, ambayo toka mita 9 ni sekunde 30. Katikati ya njia jaribu kuvuta kidogo, huenda mtungi ukakupa.

Juu: jaza kwa mdomo, tupa uzito kama unahangaika, piga filimbi, toa lile boya refu la rangi ya chungwa tunaloliita soseji ulipulize. Sehemu kama Leven Bank kaskazini mwa Unguja au mlango wa Kinasi kule Mafia, hasa siku za bamvua maji yakienda, ukiibuka peke yako boti inaweza kuwa upande mwingine kabisa, kwa hiyo soseji mfukoni ni sehemu ya mpango wa hewa pia.

Kutupa uzito

Ni ileile ila huna hakika utafika. Fungua mkanda kwa mkono wa kulia, usogeze mbali na mwili usinase kwenye mapezi, uachie. Utapanda kwa kasi na hutaizuia yote, toa pumzi muda wote, ukikaribia juu tandaza mikono na miguu ulale kama unaanguka kwa mgongo ili maji yakupunguze kasi. Hatari ya kuumia na naitrojeni inayotoa mapovu mwilini ni kubwa hapa, inajulikana. Unaichagua kwa sababu mtu aliyefika juu na naitrojeni anatibika.

Kupokezana regulata moja

Pumzi mbili wewe, pumzi mbili mimi, anayesubiri anatoa vipovu, mwenye mtungi haachii regulata hata mkono wa mwenzake ukiwa juu yake. Kozi nyingi zimeacha kulifundisha au limekuwa la hiari, kwa sababu linataka watu wawili waliotulia na waliozoeana, na oktopasi imelifanya lisiwe na kazi. Lakini ukizunguka pwani utakuta wazamiaji wa majongoo bahari wanashuka na regulata moja, hakuna oktopasi, wakati mwingine hakuna hata geji, mtu anajua mtungi umeisha ukianza kuwa mgumu kuvuta. Kwa hao hii ndiyo njia pekee iliyobaki, bora wajifunze kwa mita 3 kuliko kugundua mita 25. Na bora zaidi oktopasi ya mkono wa pili iliyopita kwa fundi.

Kupumua hewa ya kwenye jaketi, utasikia watu wakisimulia. Inawezekana, hewa ipo mle. Ila mle pia kuna maji yaliyooza, kuvu na bakteria, na unapocheza na kitufe cha mdomoni unaweza kujaza au kumwaga jaketi bila kutaka. Naiweka mwisho kabisa.

Mkishafika juu

Aliyepanda haraka au bila hewa alazwe chali, asikae, asitembee kwenye boti kujieleza. Apewe oksijeni asilimia 100 kama ipo, na kama kapteni hana oksijeni kwenye boti lake hilo ulipaswa kuuliza kabla hujalipa. Mwangalie kwa makini dakika 10 za mwanzo: kizunguzungu, ganzi upande mmoja, maneno hayatoki, kukohoa damu, maumivu kifuani, hata kama anasema yuko poa. Maumivu ya viungo na uchovu wa ajabu yanaweza kuja saa kadhaa baadaye. Zanzibar kumekuwa na chemba ya presha ya kutibu wazamiaji upande wa Matemwe, lakini pigeni simu kwanza, hospitali na watu wa DAN, wao ndo wanajua ipi inafanya kazi siku hiyo na mtu asafirishwe vipi. Msimrudishe chini ya maji "ajitibu". Asizamie tena mpaka daktari aseme, na asipande ndege, hata ile ndogo ya kwenda Dar inayoruka chini.

Na vile vifaa, msivioshe wala kuvifungua. Andika geji inasoma ngapi, funga vali huku unahesabu mizunguko, maana hiyo ndiyo itakayoonesha kama ilikuwa wazi yote au nusu, usifute kumbukumbu za kompyuta, na regulata iende kwa fundi na mtungi wake pamoja, mtungi ukiwa na hewa ileile iliyobaki.